Siku Tatu Bila Dawa

Baba yangu, mzee Hyasinti, aliugua ini miaka miwili. Daktari wa Mbinga mjini alimpa dawa ya maji, tamu kama asali, akaniagiza: “Dada Avelina, mzee apate choo laini mara mbili au tatu kila siku. Usimkatishe dawa hii.”

Sikuuliza sababu. Niliona ni dawa ya tumbo tu, na wa kufua mashuka nilikuwa mimi.

Mwezi wa tisa askofu alikuja kijijini kwetu Mapera kutoa kipaimara. Binti yangu Beatha alikuwa mmoja wa watoto watakaokipokea, na Baba alitamani sana kuwapo. Mimi niliogopa aibu ya choo kanisani. Siku tatu kabla, nikaificha chupa.

“Dawa imekwisha, Baba.”

“Afadhali,” akacheka. “Nimechoka kukimbilia chooni.”

Akaanza kusinzia mchana kutwa. Jumapili asubuhi, siku ya kipaimara, alivaa shati mbele nyuma, mikono ikimtetemeka. Beatha akamwendea amevaa gauni lake jeupe.

“Shikamoo, babu.”

Akamsukuma hadi chini. “Mwizi wa kahawa yangu wewe! Toka!”

Majirani wakanong’ona kwamba mzee amerogwa. Mimi nikampeleka hospitali.

“Dawa anakunywa?” daktari aliuliza.

Nilimweleza ukweli. Hakunifokea. Alisema tumboni mwa kila mtu wanaishi vijidudu, na baadhi yao hutengeneza sumu. Ini lenye afya huiondoa; la Baba lilishindwa. Choo kikikaa, sumu huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Ile dawa ndiyo iliyokuwa ikilinda akili yake.

Siku ya nne hospitalini Baba alinitambua. “Kipaimara kilikwendaje? Sikumbuki kitu.”

Nikamwambia yote, pamoja na habari ya chupa niliyoificha. Aligeuza uso ukutani.

“Ungesema tu unaona aibu, mwanangu,” alisema mwishowe. “Ningebaki nyumbani.”

Aliishi miezi minne zaidi, na sikuruka dozi hata moja. Lakini Beatha alimwamkia akiwa mlangoni, tayari kukimbia. Nilimweleza mara nyingi kwamba ule ulikuwa ugonjwa, na kosa lilikuwa langu. Aliitikia kwa kichwa. Baba alimwita aje akae naye kitandani, akamwita tena siku nyingine, kisha akaacha kumwita.