Mkono wa Mpika Halua

Mwanabaraka alipotoka chooni asubuhi ile, sisimizi walikuwa wameshapanga mstari kutoka ukutani hadi pale alipokojoa. Aliwajua. Ndio waliokuja wakati wa mimba ya kwanza, na mimba ile ilitoa mtoto mkubwa kama wa kutambaa, akakwama mabega, akafa kabla ya kulia. Sasa alikuwa amebeba ya pili.

Mumewe, Kitwana, alipika halua karibu na soko la Bagamoyo, miaka ile ya kabla ya vita vya pili vya dunia. Mke wa mpika halua akiwa mjamzito ndiye kibao cha duka. Watu wakimwona amenona, mashavu yanang'aa, hununua. Kwa hiyo mama mkwe, Bi Mardhiya, alimlisha halua asubuhi, uji wa sukari mchana na halua tena jioni. Mayai alimkataza, asije akazaa mtoto kipara. Samaki alimkataza, asije akamtia mtoto harufu.

Kisha Mwanabaraka akaenda kwao Mapinga kumuuguza mama yake. Huko alikula kunde, mchicha na dagaa, akalima mihogo. Sisimizi walimfuata mpaka Mapinga, wakaonja mkojo wake, wakageuka, wakarudi zao Bagamoyo. Akaelewa kuwa utamu walioufuata ulikuwa wa halua.

Kitwana alipokuja kumchukua alimkuta amepungua.

"Umenitia aibu," alisema. "Watu watasema halua yangu haina samli."

"Halua yako ndiyo iliyomuua mwanao."

Kitwana alimpiga kofi la mdomo mbele ya mgonjwa, akamburura mpaka barabarani. Njia nzima alimtembeza mbele yake kwa bakora.

Nyumbani Mwanabaraka alifumba mdomo asilishwe. Bi Mardhiya akachemsha shira ya sukari.

"Mshike taya, mwanangu. Huyu kaja na ukaidi wa shamba."

Kitwana alibana taya mpaka jino likavunjika. Shira na damu vikamwagika, vikaulowesha mkono wa Kitwana hadi kifundoni. Waliotoka ukutani safari hii hawakuwa sisimizi. Walikuwa siafu. Waliupanda mkono, wakala ngozi, wakala nyama, wakala mishipa, wakakoma kifundoni pale shira ilipokoma. Kitwana alipiga mayowe lakini hakuliachia taya. Walipomaliza walirudi ukutani kwa mstari, bila kusukumana. Ikabaki mifupa, myeupe kama mihogo iliyomenywa, na vidole vikikunjwa na kukunjuliwa kama kawaida.

"Umeumia?" mama yake aliuliza.

"Kidogo."

"Basi mshike vizuri. Tena sasa huo mkono hautelezi."

Majirani walikuja kutoa pole. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa kuhusu udhu, akasema mfupa nao uoshwe. Mambo yakaishia hapo.

Uchungu ulipofika aliitwa Mwaija, mkunga. Mtoto alikuwa mkubwa kumpita wa kwanza, naye akakwama mabega. Mwaija alimvunja mfupa wa mtulinga ili mabega yapite, akamtoa wa buluu, akampiga makalio, akampulizia puani. Hakulia.

"Niliwaambia mpunguze sukari," Mwaija alisema, akinawa damu. "Mpeni samaki. Mpeni mboga. Mwacheni atembee."

"Mapaja hayo, mashallah!" Bi Mardhiya alisema. "Nyumba gani hapa mjini ishawahi kutoa mapaja kama hayo?"

Waliokuja mazikoni waliuona ukubwa wa maiti, wakasifu matunzo. Halua ya msibani iliisha kabla ya wote kupata.

Baadaye Kitwana aligundua kwamba mfupa hauungui. Akauweka mwiko kando, akawa anakoroga halua kwa mkono huo. Watu walikuja kutazama hata kutoka Saadani, na walikiri kwamba imezidi utamu.

Mimba ya tatu ilipoingia, sisimizi walijipanga chooni. Mwanabaraka aliwaruka, akaenda kuketi jikoni penye ukuta walikotoka siafu, akaugonga kwa ngumi. Hakutoka mdudu. Kutoka uani alisikia mifupa ikikwangua masalio kwenye sufuria, kisha nyayo.

"Fumbua," Kitwana alisema.

Mwanabaraka akauma meno yaliyobaki. Mkono uliomshika taya ulikuwa bado wa moto.