Geti Bila Mlango Mdogo

Msichana wa chuo alikuja Jumanne asubuhi na makaratasi yake, akakalia stuli yangu ya kazi bila kuogopa masizi. Jina lake Chepchumba. Anafanya utafiti wa usalama, mtaa kwa mtaa, na hapa kwetu nyuma ya mtaa wa Section 58 amefika nyumba kwa nyumba.

"Mzee, tangu kamati ya Nyumba Kumi iweke geti, usalama umeongezeka ama umepungua?"

"Hiyo geti nilichomelea mimi."

Akafurahi, akaandika.

Nikamweleza. Kipkemoi, mwenyekiti wa kamati, alisema, fundi, weka misumari juu, na mlango mdogo usiweke, huo ni wa wezi. Kufuli moja, funguo moja, ikae kwake. Mimi shule sikuenda mbali, lakini mtego naujua. Nikachomelea alivyotaka. Mkubwa akishasema, fundi atasema nini? Mchana geti huwa wazi, ila akija mgeni wa maana Kipkemoi hufunga, ati mgeni asisumbuliwe.

Mwezi wa nne alikuja mkubwa wa polisi kutuhutubia juu ya usalama. Saa saba Kipkemoi akaingia gari ya huyo mkubwa wakaenda town kula nyama, akafunga nyuma yao kwa vile mkubwa angerudi kuaga. Ndio kifua cha mke wangu Naliaka kikafunga. Tulimbeba mpaka getini. Owino na teksi yake alikuwa upande ule mwingine, injini inanguruma. Simu ya Kipkemoi iliita tu. Stima zilikuwa zimepotea, mashine ya kukatia haiwaki, nikakata kufuli na msumeno wa mkono. Ilipokatika, Owino alikuwa ameshazima gari.

"Pole sana, mzee."

"Pole weka kando. Andika."

Akapekua karatasi. "Hapa kuna wizi, kupigwa, kuvunjiwa nyumba. Hii yako haina mahali."

"Basi andika jina la marehemu tu."

"Majina hatuandiki. Hata wewe hapa ni namba kumi na tisa." Akarudi kwenye swali lake. "Lakini wezi wamepungua?"

"Wamepungua."

Akatia alama. Hapo sikudanganya, na hiyo ndiyo watasomeana ofisini.

Akaaga, akaenda. Dakika kumi hazijaisha, amerudi.

"Mzee, geti imefungwa."

"Si wewe ndio mgeni wa leo? Kipkemoi ameenda kukutafutia soda."

"Simu hashiki. Na saa sita natakiwa chuoni."

"Simu yake naijua."

Akautazama msumeno ukutani. "Unaweza kunisaidia, baba?"

Sasa nimekuwa baba. Nikaushusha, nikauweka magotini.

"Naliaka," nikamwambia. "Andika, na uandike geti ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mkubwa."

Alisimama pale, kalamu mkononi. Halafu akageuza ile karatasi yangu akaandika upande wa nyuma, polepole, ule upande ambao wakubwa hawafiki. Nikamwambia anisomee. Akasoma.

Nikaenda kukata kufuli.