Chaki ya Meno Manne

Alute hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia kaka yake Gerald, na chuki yenyewe ilikuwa juu ya duara la chuma lisilozidi sufuria ya wali. Wenzao hugombania mashamba na ng'ombe. Hawa wawili, watoto wa tumbo moja, waliacha kusalimiana kwa ajili ya chaki.

Usidhani ni ile ya ubaoni. Hiyo Alute alikuwa nayo tele, maana alikuwa mwalimu wa fizikia pale Ilongero. Mafundi wa vyuma huita chaki kile kibano kizito kinachofungwa mbele ya mashine ya kukereza. Unakaza kipande cha chuma katikati ya meno yake, mashine inakizungusha, kisu kinakisogelea na kukichonga. Bila chaki mashine inazunguka bure, hata kijiti haichongi.

Mashine ilikuwa ya marehemu baba yao, Mzee Antipasi. Alifanya kazi kwenye karakana ya misheni mpaka akastaafu, na siku ya kuagwa akapewa mashine kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Akaifunga bandani nyuma ya nyumba. Ndiko Alute alikojifunza kuchonga, na ugonjwa ukamwingia. Hakutengeneza kitu cha kuuza. Alichonga pia za shaba za kuchezea, vinara vya mishumaa, vigurudumu vya injini ndogo isiyosukuma kitu chochote. Watu wakasema mwalimu anacheza. Na kweli alikuwa anacheza, lakini ulikuwa mchezo pekee uliomfanya asahau daftari za kusahihisha na makelele ya Kidato cha Pili.

Siku ya arobaini ya mzee, ukoo ukakaa uani kugawa vitu. Aliyeongoza alikuwa baba yao mdogo, Mzee Isaka, mtu anayeheshimika sana na asiyejua mashine hata ya kusaga. Akanyoosha fimbo yake.

"Ile mashine ya bandani, Alute. Lile duara na kreti la vyuma, Gerald."

Alute alijua mzee amekosea. Angeweza kusema kwamba vile si vitu viwili, kwamba ni sawa na kumpa mmoja jembe na mwingine mpini. Lakini aliogopa wazee wakijua ni kitu kimoja watasema kiuzwe. Tena, tuseme ukweli, alifurahi moyoni. Alijiona mjanja. Alimwona kaka yake kama mshamba aliyepewa chuma chakavu, akajiambia duara jipya litapatikana mjini, shida iko wapi? Akapiga goti, akapokea ufunguo wa banda kwa mikono miwili, akashukuru mbele ya watu.

Hapo akajifunga mwenyewe. Katika ukoo wao, kitu ulichokipokea kwa mikono miwili mbele ya wazee na kukishukuru hakizungumzwi tena. Hata kama umepewa ng'ombe kilema, umepewa. Atakayerudi kulalamika anaonekana anabishana na kaburi.

Wiki tatu baadaye alipita barabarani na baiskeli yake, akaona Gerald ameiweka chaki ya baba chini ya mti uani, amepitisha kamba kwenye tundu lake la katikati, amefungia ndama. Meno manne ya chuma yaliyokuwa yakipakwa mafuta kila Jumamosi sasa yalikuwa yamelowa mkojo wa ndama. Alute akashuka kwenye baiskeli kwa hasira. Akala kiapo pale pale kwamba hatakanyaga ua ule mpaka anakufa, na kwamba mashine ya baba itazunguka bila msaada wa mtu yule.

Jumamosi akapanda bodaboda kwenda Singida Mjini, dukani kwa Sultani, muuza vipuri vya mashine za kukamulia alizeti. Sultani alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa waya na mdomo usiofungwa na chochote.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unanunua au unatazama?"

"Natafuta chaki ya mashine ya kukereza."

"Meno matatu au manne?"

"Tofauti yake naijua."

"Sijakuuliza kama unaijua. Nimeuliza unataka ipi. Unatengeneza nini?"

"Vitu vyangu. Vya kujifurahisha, nyumbani."

Sultani akamtazama juu ya miwani kana kwamba mwalimu amekiri wizi. "Mtu mzima. Vya kujifurahisha. Haya, sikiliza. Meno matatu yanatembea pamoja. Unazungusha ufunguo mmoja, yote yanakuja katikati, chuma kinakaa sawa chenyewe. Hiyo ni ya mtu mwenye haraka, na chuma chake kiwe cha duara. Ukiipa kitu kilichopinda, haikishiki. Meno manne, kila jino linakwenda peke yake. Yana uwezo wa kushika pembe, kushika kitu kilichopinda, kushika chochote. Lakini utakaa hapo unalegeza hili, unakaza lile, unapima, unaanza upya. Wewe una subira?"

"Ninayo."

"Sura yako haisemi hivyo."

Alute akavimba. Mbaya zaidi, mzee yule alikuwa amesema kweli. Ile ya meno manne ilikuwa ikimchosha tangu zamani. Baba ndiye aliyekuwa akiinama juu yake kwa uvumilivu, akigusa jino moja baada ya jingine, huku Alute akigongagonga mguu akisubiri.

"Nipe ya meno matatu," akasema.

"Nitakupa. Sahani ya nyuma unayo?"

"Sahani gani?"

"Mwalimu! Chaki haishiki mashine kwa maombi. Nyuma yake kuna sahani yenye nyuzi kama za skrubu, ndiyo inayojisokota kwenye mhimili wa mashine. Mashine yako ya lini?"

Alute akataja mwaka ulioandikwa kwenye kibati chake. Sultani akacheka mpaka akavua miwani.

"Nyuzi za mashine hiyo hazipo dukani, si hapa, si Dodoma. Lete sahani iliyokuwa kwenye chaki ya zamani, tuifunge kwenye hii mpya. Au fundi aiangalie akuchongee nyingine, lakini hata yeye atataka ya kupimia. Ya zamani iko wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Basi unalia nini? Nenda kwa kaka yako."

Alute alitoka dukani bila kuaga, jambo ambalo si la mtu aliyelelewa. Njia nzima mpaka Ilongero alikuwa akigombana na Sultani kichwani, na katika magomvi hayo alishinda yote. Kesho yake akapiga moyo konde, akakimeza kiapo chake, akaenda.

Gerald alikuwa uani anapura alizeti kwa fimbo. Mkewe, Flora, alikuwa ameketi kando akipeta. Hakuna aliyesema karibu.

"Shikamoo, kaka."

Fimbo ikashuka juu ya alizeti. Ikashuka tena. Marahaba haikutoka. Kwao, kunyamazia shikamoo ni zaidi ya kutukana, na Flora mwenyewe aliinua macho kwa mshtuko.

"Nimekuja kwa ajili ya lile duara," akasema Alute.

"Lina jina. Linaitwa chaki," akajibu Gerald bila kuacha kupura. "Ya meno manne, inchi sita. Sahani yake ina nyuzi nane kwa inchi. Jino la pili limelegea kidogo, baba alikuwa analikaza mwisho."

Alute akamtazama upya. Miaka yote alijua kwamba kaka yake hajui kutofautisha skrubu na msumari.

"Unashangaa? Mimi nilishika ile mashine kule karakana ya misheni, kabla wewe hujaacha kunyonya. Niliiacha kwa sababu palikuwa na shamba la kulima, na karo yako ya kulipa." Gerald akasimamisha fimbo. "Tena nikwambie. Mzee Isaka hakukosea siku ile. Mimi ndiye niliyekwenda kwake kabla ya mgawo nikamwambia hivi ni vitu viwili. Na nikamwambia kipi anipe."

"Ili uifungie ndama?"

"Ili ile mashine inyamaze."

Flora akasema taratibu, "Baba Esta, acha." Gerald hakuacha.

"Miaka mitatu baba alilala na kiharusi. Nani alikuwa anamgeuza? Nani alikuwa anamwogesha? Wewe ulikuwa unakuja Jumapili. Unasimama dirishani, 'Shikamoo baba, umeamkaje,' halafu unakwenda bandani, tunakusikia mpaka jioni. Ile Jumapili ya mwisho nilikuita mara tatu. Flora akaja kugonga mlango wa banda kwa jiwe. Baba akaniuliza, huyo anayechonga ni Alute? Nikamwambia ndiyo, baba, anakuja sasa hivi. Akasubiri. Unanisikia? Akakaza macho mlangoni, akasubiri. Ulipotoka, alikuwa ameshakwenda, na wewe una pia ya shaba mkononi, unataka kumwonyesha."

"Mashine ina kelele," akasema Alute. "Mtu hawezi kusikia mle ndani. Nilishawaambia siku ile ile."

Alishawaambia kweli, na watu wakamwamini, hata Mzee Isaka akampa pole. Lakini haikuwa kweli. Alisikia. Alisikia jiwe likigonga bati, akadhani anaitwa chakula. Shaba ilikuwa kwenye meno, imekaa sawasawa baada ya kuhangaishwa asubuhi nzima, na angeizima mashine asingeweza kuirudisha pale pale ilipokuwa. Akajiambia dakika tano tu. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, na hata yeye mwenyewe alikuwa hajiambii mara kwa mara.

Gerald alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja.

"Haya," akasema hatimaye. "Si umekuja kwa ajili yake? Iko pale. Sitaki wazee, sitaki mashahidi, sitaki kitu chako. Ukiitaka, ichukue. Ila ukiitoa nje ya ua huu, mimi na wewe tumemalizana. Usije kwenye harusi ya Esta. Usije kunizika. Na ukiiacha, kaa hapa tuzungumze habari ya baba."

Alute akatazama chini ya mti. "Nipe ile sahani ya nyuma tu," akasema. "Ina boliti chache, naifungua sasa hivi. Chaki yenyewe baki nayo."

Gerald akatabasamu kwa mara ya kwanza, na lilikuwa tabasamu baya. "Ndivyo ulivyokuwa kwa baba. Kila mara unataka kipande tu."

Alizeti zilinukia juani. Flora alikuwa ameacha kupeta, ungo uko mapajani, macho yake kwa shemeji yake, na macho yale yalikuwa yanamwomba. Alute aliyaona. Neno la samahani lilikuwa tayari mdomoni, jepesi kabisa, na alitamani kulisema. Tatizo lilikuwa neno linalofuata. Angekaa pale wazungumze habari ya baba, isingepita nusu saa angelazimika kusema kwamba alisikia jiwe. Angelisema mbele ya huyu. Akafikiria uso wa Gerald akiyapokea maneno hayo, akaona bora kubeba chuma.

Akaenda chini ya mti. Ndama alirudi nyuma, akamtazama. Alute akafungua kamba, akaifunga kwenye shina ili mnyama asipotee, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba jambo hilo dogo lingehesabiwa upande wake. Kisha akainama, akaikumbatia chaki kifuani. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, na kutu yake ikamchafua shati. Alimchukia Gerald kwa uzito ule, alimchukia kwa kumwachia achague, na alikuwa anatembea.

Hakuna aliyemsimamisha. Alipofika karibu na lango la ua alilikuta limefungwa kwa komeo, na mikono yake yote imejaa. Akasimama akilitazama, hawezi kuitua chaki na hawezi kugeuka.

Nyuma yake fimbo ilianza tena kupura alizeti.

"Flora," akasema Gerald, kwa sauti ya kawaida kabisa, "mfungulie mgeni."

Flora akaja, akafungua komeo, akasimama pembeni kumpisha.