Kauli Zilizoharibu Kipimo

Wanafunzi walimwita Ndimu, na yeye alilijua jina hilo na alilipenda. Aliona heri kuwa mchachu kuliko kuwa maji ya kunawa kama walimu wenzake. Alifundisha takwimu katika chuo cha ualimu wa lugha, na katika idara nzima hakuwepo mtu ambaye Ndimu hajamsonya, ingawa wengi aliwasonya wakishampa mgongo.

Aliyesonywa zaidi ni mkuu wa idara. Mtu huyu alikuwa ameungoja uprofesa kwa muda mrefu hata akazoea kutembea kama anao, kwa hiyo Ndimu alimbatiza Mtarajiwa. Mwaka huo Mtarajiwa alikuja na jambo lake kubwa: hojaji ya kupima woga wa kuzungumza lugha ya kigeni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangeijaza, na wale ambao alama zao za woga zingekuwa juu wangetolewa kwenye mkondo wa ualimu na kupelekwa mkondo wa maandishi, wakajifunze kutunza mafaili. Darasa la mazungumzo halina nafasi ya waoga, alisema, na watu wazima wenye shahada zao wakatikisa vichwa kukubali.

Hojaji yenyewe ilikuwa kichekesho. Iliandikwa kwa hiyohiyo lugha ya kigeni, ikawa mwanafunzi anayeogopa kuuliza maana ya neno anaweka tiki popote kalamu ilipotua. Jopo la wataalamu la kuthibitisha kwamba inapima kinachotakiwa kupimwa liliongozwa na shemeji yake Mtarajiwa, mwalimu wa uhasibu, ambaye alirudisha nakala yake ikiwa na maneno "Safi sana" na alama ya duara ya kikombe cha chai. Ndimu aliihifadhi nakala ile kwenye droo ili ajichekeshe siku zake mbaya.

Hata hivyo, kazi ya hesabu ilikuwa yake. Baada ya majaribio ya kwanza aliingiza majibu yote kwenye kompyuta, na Mtarajiwa akaja kusimama nyuma ya kiti chake akinukia manukato.

"Alfa inasemaje?" aliuliza. Hiyo alfa ni namba inayoonyesha kama kauli za hojaji zinakwenda pamoja, na kwa Mtarajiwa ilikuwa ndiyo roho ya kazi nzima.

"Inasema kazi bado," Ndimu alijibu. "Kauli za kinyume zinaivuta chini."

Katika hojaji kama ile huchanganywa kauli zinazopingana: hapa "Moyo hunidunda nikiitwa kuongea," mbele kidogo "Nafurahi nikiitwa kuongea." Wengi walikuwa wamejibu kama ilivyotarajiwa. Wachache walikubali zote mbili, na mmoja alikubali sana, kauli zote za woga na zote za furaha, bila kuruka hata moja.

"Huyu kajaza akiwa usingizini," Ndimu alisema, akabetua mdomo.

"Basi ziondoe hizo za kinyume."

"Kauli zote za furaha?"

"Zinaharibu kipimo, mama. Ziondoe."

Ndimu angeweza kumwambia mambo mengi. Angeweza kumwambia kwamba kauli haitupwi kwa sababu imekataa kukusifu, na kwamba wale wachache walistahili kuitwa waulizwe walikuwa na maana gani. Badala yake alibonyeza, akabonyeza tena, kauli zikaondoka moja baada ya nyingine na alfa ikapanda kama maziwa jikoni. Mtarajiwa alipiga makofi peke yake. Alipotoka, Ndimu alisonya kwa nguvu zote, akajiona amefanya la maana.

Ndivyo alivyokuwa. Katika vikao vya idara, ambavyo viliendeshwa kwa lugha ya kigeni ili watu waonekane wasomi, Ndimu hakuwahi kufungua kinywa. Alikaa karibu na mlango, mikono kifuani, tabasamu dogo pembeni mwa mdomo, akihesabu makosa ya wanaoongea. Kubishana na watu wale, alikuwa akisema, ni kumpigia mbuzi gitaa. Wenzake waliliogopa tabasamu lile. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu mwenye akili nyingi namna hiyo hana la kusema, na yeye mwenyewe alihakikisha hajiulizi.

Nyumbani aliishi na mtoto wa dada yake, msichana wa mwaka wa kwanza katika chuo hichohicho, aliyetaka kuwa mwalimu wa lugha tangu akiwa anafundisha wanasesere. Jioni aliosha vyombo akijisemesha kwa lugha ya kigeni, sauti ikimtetemeka, akikosea na kurudia. Mama yake mdogo akiingia jikoni, maji tu ndiyo yaliyoendelea kusikika.

Siku majina yalipobandikwa, hata kabla hojaji haijapitishwa rasmi, msichana alirudi macho yamevimba.

"Mama mdogo, nimeongoza kwa woga. Chuo kizima, mimi ndiye wa kwanza. Wananipeleka kwenye mafaili."

"Ulijaza nini wewe?"

"Ukweli. Waliniuliza kama natetemeka. Natetemeka. Ningedanganya?"

"Wenzako walijaza nini?"

"Hawaogopi chochote. Na darasani hawaongei."

Ndimu alihisi damu inachemka. Alimpenda mtoto huyu kuliko alivyojua kuonyesha. Alimwambia afute machozi, maana kikao cha kuipitisha hojaji kilikuwa kesho, mtathmini kutoka nje angekuwepo, na wanafunzi walioshiriki wangekaa nyuma kama mapambo.

"Niachie mimi. Huyo Mtarajiwa nitamvua nguo mbele za watu."

"Kwa lugha yao?"

"Kwa lugha yao."

Msichana alimtazama kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akaenda kulala bila kula.

Ukumbi ulijaa. Mtathmini, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, hakujua Kiswahili, basi kila mtu alijikakamua. Mtarajiwa aliimulika hojaji ukutani, kauli baada ya kauli, akaimulika na alfa na kuiacha pale kwa muda kama picha ya harusi. Shemeji alisimama kusifu. Wengine wakasimama kumsifu shemeji. Ndimu, karibu na mlango, alikuwa na sentensi moja tayari kichwani, amekesha akiinoa: kauli tulizoziondoa ndizo tulizopaswa kuziuliza.

"Je, aliyefanya hesabu ana la kuongeza?" mtathmini aliuliza.

"Mtakwimu wetu atathibitisha," Mtarajiwa alisema, na vichwa vyote vikageuka.

Ndimu alisimama. Akamwona mtoto wa dada yake nyuma, ameinua uso. Akafungua kinywa, na sentensi ikavunjika. Kitenzi kilikuwepo, kisha hakikuwepo. Akamwona shemeji wa uhasibu anamngoja na tabasamu dogo pembeni mwa mdomo, tabasamu analolijua kila mkunjo wake, maana ni lake.

"Kipimo ni kizuri sana," alisema kwa lugha ya kigeni. "Asanteni."

Walimpigia makofi, akaketi.

Makofi yalipokwisha kulikuwa na mkono umenyooshwa kule nyuma, unatikisika kiasi kwamba ulionekana kama unaaga. Msichana alisimama kabla hajaruhusiwa. Sauti ilimtoka nyembamba. Alikosea neno la kwanza, akarudi, akakosea tena vilevile. Mtu alicheka. Akaendelea.

Alisema yeye ndiye mwoga namba moja wa chuo. Alisema karatasi aliyojaza ilikuwa na kauli nyingine, za kupenda kuongea, ambazo pale ukutani hazipo. Alikubali sana za woga, akakubali sana na hizo, kwa sababu zote ni kweli: anaogopa na anapenda. Zimekwenda wapi?

Mtathmini alivua miwani. "Zimekwenda wapi?" akamuuliza Mtarajiwa.

"Mtakwimu aliziondoa," Mtarajiwa alisema bila kupepesa macho. "Na amethibitisha sasa hivi, mmemsikia, kwamba kipimo ni kizuri sana."

Vichwa viligeuka tena. Ndimu aliitazama sakafu na kutamani impasukie, na sakafu ikamkatalia.

Mtathmini hakusema mengi. Hojaji isitumike. Kauli zirudishwe, wanafunzi waliokubali pande zote mbili waitwe wasikilizwe, na asihamishwe mtu kwenda popote. Msichana aliketi, akaikalia mikono yake ili itulie.

Njiani kurudi nyumbani Ndimu alitafuta dharau yake ya kila siku amtupie yeyote, Mtarajiwa, shemeji, hata yule aliyecheka, akaikosa. Aliona aibu, aibu tupu. Mlangoni, akihangaika na ufunguo, alisema, "Mwanangu, mimi pale..."

"Uliongea vizuri, mama mdogo," msichana alisema, akamchukulia ufunguo na kufungua. "Hukukosea hata neno moja."