Mita Tano Kutoka Barabarani

Alasiri ile Hatibu alipoingia kwa dada yake ameshika ncha ya mnyororo wa kupimia, Mwaisha alikuwa anaanika mpunga kwenye mkeka. Alivuta mkeka pembeni ili mnyororo upite, akauliza kama kaka yake amekula.

"Nitakula tukimaliza," alisema Hatibu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Morogoro, na Wajerumani walikuwa wanaupanga mji. Amri ilikuwa imetangazwa sokoni: kila nyumba iliyo kando ya barabara mpya ikae mita tano nyuma ya barabara, iache mita tatu kila ubavu, na mita nne uani. Isiyotimiza ivunjwe. Bwana mpima alikuwa Mjerumani mwembamba aliyejifunzia Kiswahili Bagamoyo, na alipenda kuwaambia watu "taratibu, taratibu" hata walipokuwa wamesimama. Yeye alitazama kwenye darubini. Hatibu alivuta mnyororo na kupigilia vigingi.

Kigingi cha mita tano kiliangukia chumbani, kati ya kitanda cha Mwaisha na mtungi wa maji. Vya ubavuni na vya uani vilipokwisha kupigiliwa, mahali palipobaki pa kujenga palitosha kumlaza mtu mmoja, naye akunje magoti.

Mwaisha aliingia chumbani akakitazama kigingi. Wanawe wawili walikuwa wameshaanza kukitundikia nguo.

"Kaka, mmeanza kupima wapi?"

"Ukutani kwa Bwana Leonard."

Bwana Leonard alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani mwenye duka la kuta za mawe ng'ambo ya barabara. Alilijenga mwaka ule ule reli ilipofika. Barabara ilikuwa imepimwa kuanzia ukutani kwake, kwa hiyo upana wake wote ukaangukia upande wa akina Mwaisha. Hatibu alijua, kama Mwaisha alivyojua, kwamba duka lile limekaa juu ya njia ya zamani iliyoshuka kutoka milimani mpaka mtoni. Utotoni walikuwa wakiipita wote wawili nyuma ya mama yao, kila mmoja na kibuyu chake.

"Si umwambie bwana mpima," alisema Mwaisha, "kwamba barabara ya haki iko kule."

"Dadi alimwambia Bwana Leonard. Mpaka leo analalia tumbo."

Dadi alikuwa mwenzake wa ncha ya pili ya mnyororo. Alikuwa amechapwa kiboko mbele ya boma kwa kumkosea adabu mzungu, na sasa ncha yake aliishika askari. Mwaisha alirudi nje kuupindua mpunga wake.

Jua lilipoanza kuzama na ukungu kuteremka kutoka Uluguru, mama yao, Bibi Mwajuma, alitoka uani. Alikuwa amezikwa huko tangu mwaka wa njaa, penye migomba. Alichukua kibuyu chake kilichoning'inia ukutani, akawaamkua wajukuu, akaenda kusimama kando ya barabara. Wenzake walikuwa wanashuka kutoka mlimani kwa mstari mmoja, watu wa lukolo lao, yaani ukoo wa upande wa mama, waliokufa kabla yake. Bibi Mwajuma akaingia kwenye mstari. Wakavuka barabara, wakapita ndani ya ukuta wa duka, pale ambapo kwa ndani palipangwa taa za mafuta, wakatokea upande wa pili, wakaendelea na safari yao ya mtoni.

Waliporudi vibuyu vilikuwa vimejaa na vinamwagika. Bwana Leonard alitoka mlangoni amekunja uso.

"Wamelowesha chumvi tena," alimwambia mpima. "Gunia zima."

Mpima aliiacha darubini yake. "Kwa nini hawapiti mlangoni?"

"Mlango hauko njiani," alisema Mwaisha.

Mpima alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na kipimo kisicholingana kilimkosesha usingizi. Alimsogelea Bibi Mwajuma, naye akasimama, maana tangu uhai wake hakuwahi kumpita mtu anayetaka kusema naye.

"Mama, njia yenu ni hii?"

"Ndiyo hii, bwana. Tangu bibi zangu. Muulize mwanangu huyo. Nilimbeba mgongoni humu humu."

Wote wakamgeukia Hatibu: mpima, askari, Bwana Leonard aliyesimama mlangoni mikono kiunoni, na Mwaisha na mpunga wake.

"Wewe umezaliwa hapa," alisema mpima. "Njia ilipita hapo lilipo duka?"

Hatibu alihisi mgongo unamwasha, ingawa haukuwa na alama hata moja.

"Sikumbuki, bwana."

Mama yake alimtazama kitambo, kama mtu anavyokitazama chungu chake kilichopasukia motoni. Kisha akajitwisha kibuyu vizuri, akaenda zake uani.

Hata hivyo, kesho yake jioni mpima alirudi. Alimwambia Hatibu avute mnyororo nyuma ya wafu, hatua kwa hatua, toka mteremko wa mlima mpaka mtoni, na Bwana Leonard akalazimika kuwafungulia ili mnyororo upite katikati ya mashuka na majembe. Wafu hawakuona taabu. Bibi mmoja mzee aliushika mnyororo ulipokwama kwenye kaunta, akaukwamua. Hesabu ilipomalizika, ilionekana wazi kwamba kama barabara ingefuata njia yake ya asili, nyumba ya Mwaisha ingekuwa na mita zake tano, na tatu, na nne, na nafasi ya kupanda mchicha. Duka ndilo lililosimama barabarani.

Mwaisha aliposikia, alifungua furushi alilokuwa amekwisha kulifunga, akatoa sufuria. Usiku ule kaka na dada walikula pamoja, na Hatibu akacheka na watoto.

Mpima alipeleka hesabu ile bomani, na jibu akalileta mwenyewe. Alilitoa akiwa ametazama viatu vyake. Wafu walikuwa wamepokelewa vizuri, alisema, na hakuna aliyetilia shaka kwamba wanapita pale. Lakini ushahidi wa ardhi hutolewa na aliye hai, tena asiye mwenye kiwanja. Wazee waliokulia mtaa ule walikuwa wamekwisha kuhamia Dakawa, au walikuwa wenyewe miongoni mwa wanaobeba vibuyu, na mmoja aliyebaki alikuwa amekwisha kusema hakumbuki. Na nyumba ya mawe haihamishwi kwa ajili ya nyumba ya udongo.

"Taratibu," alisema, akaondoka.

Nyumba ilivunjwa siku ya pili yake. Askari aliwagawia watu kazi, na Hatibu akapewa nguzo ya katikati, ile aliyoisimika yeye mwenyewe Mwaisha alipoolewa. Ilikuwa imeshika ardhi. Aliitikisa, akaikumbatia, akaing'oa, na paa likalala kwa sauti ndogo kuliko alivyotarajia. Kaburi halikuguswa, kwa kuwa amri ilihusu majengo tu.

Mwaisha alikuwa anakwenda Kinole, kwa ndugu za mama yao. Alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi.

"Twende wote, Kaka," alisema. "Wewe ndiye mjomba wa hawa. Nani atawafundisha mipaka ya lukolo?"

"Nina kazi."

"Naiona."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Hatibu. Alimsindikiza mpaka mwanzo wa mlima, akasimama hapo mpaka akachoka kuiona njia tupu.

Barabara ilikamilika kabla ya mvua za masika. Ilikuwa pana na imenyooka, na wageni kutoka Ngerengere waliisifu. Jioni mikokoteni ilisimama kuwapisha wafu, kisha ikaendelea. Bwana Leonard aliihamishia chumvi yake kwenye rafu za juu, na baada ya muda alizoea hata kuwatolea taa wakati wa ukungu, kwa sababu walikuwa wakimpindulia majembe. Duka lake halikusogezwa hata unywele. Mpima alihamishwa kwenda kupima mji mwingine.

Bibi Mwajuma aliendelea kurudi kutoka mtoni kila jioni. Pale palipokuwa na mlango aliinama kidogo, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia, akatua kibuyu, akaketi. Aliyepita barabarani alimwona amekaa katikati ya kiwanja kitupu, ananyoosha miguu, anazungumza na Waluguru wenzake waliomsindikiza. Watu walimpa shikamoo, naye akawaitikia marahaba, mmoja mmoja, hata askari.

Jioni moja Hatibu alikwenda. Alikuwa ameoga, amevaa kanzu safi. Alisimama mbele ya mlango usiokuwepo, akavua viatu.

"Hodi," alisema.

Mama yake alikuwa anasuka ukili. Hakuinua kichwa.

"Hodi, mama."

Mtu mmoja kati ya wageni wake alimnong'oneza kitu. Bibi Mwajuma akaendelea kusuka.

Hatibu angeweza kuingia kutoka upande wowote. Hapakuwa na ukuta, wala kizuizi cha namna yoyote. Kuku wa jirani walikuwa wanakatiza humo wakichakura. Alipiga hodi ya tatu, akangoja kama adabu inavyotaka, kisha akavaa viatu vyake akarudi barabarani.