Uzito na Uzito

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye skrini ya kitengo cha kusafisha damu, safu mbili zilikuwa na kichwa kimoja: "Uzito…"

Mtaalamu wa programu alisimama nyuma ya kiti cha wifi yake, muuguzi wa zamu. Saa tatu wifi angeingia kwa muuguzi mkuu kueleza kwa nini jana wagonjwa watano waliandikwa kuwa wametoka kwenye mashine wakiwa wazito kuliko walivyoingia. Alikuwa na onyo moja. La pili lingemtoa kitengoni.

"Nitasema nilichoka."

"Ukichoka unakosea mmoja. Watano kwa namna ileile si uchovu."

"Haya, hakimu. Ni ujinga basi?"

"Tulia, wifi, nasoma."

"Unasoma nini, neno lenyewe moja!"

Mtaalamu akavuta ukingo wa safu ya kwanza. Kichwa kikafunguka: "Uzito baada ya kusafishwa." Cha pili: "Uzito kabla ya kusafishwa." Programu hupanga safu kwa alfabeti, b kabla ya k. Wifi alikuwa amejaza kwa mpangilio wa kazi: kwanza kabla, kisha baada.

"Juzi asubuhi maneno yalionekana yote," wifi alisema, akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu. "Nani kayakata?"

Mtaalamu alipanda ngazi mbilimbili hadi ofisini kwake, akafungua faili la mitindo, lenye amri za mwonekano wa skrini, akiwa amesimama.

Juzi karani wa miadi alilalamika kuwa vichwa vya jedwali lake havisomeki. Vichwa havirekebishwi kimoja kimoja. Unatangaza viweje, programu inatii. Mtaalamu alitangaza: kila kichwa cha safu kiwe na herufi nene, ukubwa wa kumi na nane, mstari mmoja. Hakuupa mtindo jina, na mtindo usio na jina hauchagui jedwali. Ulishuka kwenye madirisha yote kumi na moja ya programu, likiwemo la uzito, ambalo hakulijaribu. Pembeni palikuwa na jina la mwandishi, lake, na saa: tisa na dakika nne alasiri.

Angerekebisha wakati huo, wifi angekwenda kujitetea kwa skrini isiyo na kosa. Alipiga simu kitengoni uzito uandikwe kwenye karatasi kwanza. Kisha akachapa ukurasa ule.

Wifi alikuwa mlangoni kwa muuguzi mkuu, akihamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Karatasi hiyo itakuponza. Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie mkewe alisahau jina."

Muuguzi mkuu aliisoma karatasi mara mbili, akateremka kuitazama skrini mwenyewe.

"Mwandishi huyu hapa ni nani?"

"Mimi."

Saa tatu na dakika ishirini muuguzi mkuu alikata jina la wifi kwenye fomu ya onyo, akaandika la mtaalamu. Mtaalamu akatia saini.

Saa nne kamili mtindo ulikuwa na jina, na safu ya kwanza ilisomeka kwa mistari miwili: Uzito baada ya kusafishwa.