Mume wa Glafira na Vichaka Vilivyogoma Kuzaa

Siku ya kuwatembelea wafu, Glafira alikwenda makaburini na mayai ya kuchemsha na kichupa cha vodka, akaketi kando ya kaburi la mumewe Prokhor, akaanza kumgombeza. Kisa kilikuwa zhimolosti. Kwetu Siberia tunda hilo la buluu, chachu kidogo, ndilo la kwanza kuiva theluji ikishaondoka, na hapa Kedrovka mwanamke asiye na jamu yake hutazamwa kama aliyeunguza uji. Glafira alikuwa na vichaka kumi, vinene, vyenye maua tele kila mwaka. Tunda, hata moja halikutokea.

Kosa lilikuwa la Prokhor. Kila mtu anajua kipandikizi cha kuibwa hushika vizuri kuliko cha kupewa, kwa hiyo aliviiba vyote. Ila kwa uvivu wake aliviiba kwa jirani Rimma, kwenye kichaka kimoja tu, na zhimolosti haizai na ndugu yake. Hutaka chavua ya aina nyingine. Aina nyingine ilikuwa kwenye bustani ya kijiji, ng'ambo ya mto, ambayo mwenyekiti Vadim Lvovich aliizungushia mabati akatangaza kwamba imekufa kwa baridi.

"Umeniachia vichaka kumi, vyote tasa," Glafira aliliambia kaburi. "Hata kuiba hukujua, mzee wewe!"

Akafunga kikapu, akarudi nyumbani. Prokhor alimfuata nyuma amevaa suti yake ya maziko, akavua viatu mlangoni.

"Supu ipo?"

"Ipo. Nawa mikono kwanza."

Maua yalipochanua, kila asubuhi Prokhor alivuka mto kwa miguu, juu ya maji, maana mtumbwi wake Glafira alishauuza. Akapenya mabati, akarudi na matawi yenye maua, akayatia kwenye ndoo za maji katikati ya vichaka ili nyuki wafanye kazi yao. Wengine walifanyia kazi ndevuni mwake.

Rimma aliegemea ua. "Za huko, Prokhor?"

"Baridi kidogo."

"Na hayo matawi?"

"Bustani ya kijiji."

"Si ilikufa?"

Prokhor alifikiri. "Mimi niko huko tangu vuli. Waliokufa nawajua wote. Hiyo bustani haijafika."

Kabla ya mchana kijiji kizima kilikuwa uani kwa Glafira, na mwenyekiti naye akaja.

"Bustani imekufa," alisema. "Nilitangaza mwenyewe."

"Na tawi hili?" Rimma alimsogezea. Nyuki mmoja akatua puani mwa mwenyekiti.

"Kalileta nani?"

"Prokhor."

"Prokhor ni marehemu. Ushahidi wa marehemu haupokelewi."

Prokhor alikiri kwamba ni marehemu. Hapo nani angebisha? Tulikasirika sana, tukaenda kunywa chai.

Maua yalipopukutika, Prokhor alivaa viatu vyake. Glafira alimsindikiza hadi langoni, akitamani kumwambia asante. Lakini ukimshukuru mtu kwa ajili ya mmea, mmea hukauka, hata mtoto anajua hilo. Machozi yakamlenga.

"Nenda basi! Sakafu yote umenijazia udongo."

"Najua, Glasha," alisema Prokhor, akimwita kwa jina la nyumbani, akashika njia ya makaburini.

Juni vichaka viliinama kwa matunda. Glafira alipika jamu mpaka sufuria zikaisha, akakaanga chapati za maji, akaita watu. Vadim Lvovich alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akasema jamu si mbaya, ila ya kwake ni tamu zaidi. Hakuna aliyemuuliza ya kwake kaitoa wapi. Jioni hiyo akaongeza kufuli la pili kwenye lango la bustani iliyokufa.

Kesho yake Glafira alipeleka kopo la jamu makaburini, akaliweka kwa Prokhor pamoja na kijiko. Alikaa kidogo, akang'oa magugu, akamwambia suti yake inahitaji pasi. Asante hakusema. Bustani ilikuwa bado imefungwa, na mwakani vichaka vingechanua tena.